Mapanga au Jeti

Basi la uwanjani lilikuwa likiwapeleka abiria kwenye ndege. Mkunga, akirudi kazini kwake, alijifanya anachezea simu, kumbe ametega masikio yote mawili.

"Kampuni ikinunua ndege mpya, inunue jeti," alisema mama mmoja aliyejipamba kuliko bi harusi. "Leo nakwenda kwa wakwe wa mwanangu kwa mara ya kwanza. Nitashukaje kwenye kitu chenye mapanga kama feni ya saluni?"

Fundi cherehani aliyesimama kando yake akacheka. "Dada yangu, kiwanja chetu ni kifupi. Hiyo jeti itawapungia wakwe mkono kutoka juu, halafu ikushushe mji mwingine, uje kwetu kwa lori."

"Si wakirefushe!"

"Watakirefusha, abiria wakiongezeka."

"Na nani atawaongeza?"

Mkunga uzalendo ukamshinda. "Hao niachieni mimi," alisema. "Kila siku nawapokea, tena wanakuja wakipiga kelele kuliko hiyo jeti."

Basi zima likaangua kicheko, kisha likasimama. Mbele yao kulikuwa na ndege ya mapanga. Mama akaguna, akakishika kilemba chake ingawa mapanga yalikuwa hayajaanza hata kuzunguka, akawa wa kwanza kushuka.