Mwalimu Alfonce Masatu na Watoto Waliofungiwa Ndani

Ndugu waombolezaji, mimi ni Getruda, mdogo wake marehemu. Kaka alituagiza tusimsifu leo bila kulitaja kosa lake. Namtii.

Mwalimu Alfonce Wanzagi Masatu alizaliwa Mugango tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mzee Wanzagi na mama Miriamu. Alianza shule mwaka 1940. Sisi wasichana tulibaki nyumbani, lakini jioni alinichorea herufi kwenye mchanga wa ziwani. Wimbi likizifuta alicheka: "Andika tena, Getruda. Ziwa halijui kusoma."

Alihitimu ualimu mwaka 1954, akapangiwa shule moja ya kijijini, Bunda. Mwaka 1957 alifunga ndoa na Esta, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1962 mjane mmoja, Mama Mbuke, alikuwa akimleta binti yake wa miaka tisa mgongoni, maana miguu ya mtoto haikuwa na nguvu. Alimketisha nje, chini ya dirisha la darasa la kaka, kisha akaenda kwenye pamba yake. Mbuke alijibu maswali kutoka huko huko nje. Ikaja habari kwamba mkaguzi atafika kesho yake.

"Mrudishe nyumbani," kaka alimwambia Mama Mbuke. "Hayumo kwenye daftari. Nitaulizwa."

"Mwalimu, huyu hasumbuagi mtu. Anajuaga hesabu kuliko hao wa ndani."

"Mrudishe, mama."

Asubuhi Mama Mbuke alimfungia mtoto ndani, akaenda kuchuma pamba. Mchana nyumba ikashika moto. Majirani walipofika, paa la nyasi lilikuwa limeshaanguka.

Mkaguzi hakuja.

Tangu hapo kaka hakufunga tena dirisha la darasa, hata mvua iliponyesha ndani. Aliuliza swali, wanafunzi wakajibu, naye akageukia dirishani, akisikiliza nje. Aliwahi kuniambia: "Namsikia, Getruda. Zamani alinitajia majibu. Siku hizi ananiuliza tu kama nimeshamwandika."

Ilimchukua miaka miwili kwenda kuomba radhi. Mama Mbuke hakumkaribisha kiti. Alimwambia: "Msamaha sina, Mwalimu. Lakini nenda kwa Matiko, kule kuna mwingine kafungiwa." Akaenda. Ndivyo ulivyoanza umoja wetu wa wazazi wa watoto waliobaki nyumbani: vipofu, viziwi, wasiotembea, na wasichana walionyimwa shule ili wachunge ng'ombe. Mama Mbuke mwenyewe alijiunga mwaka uliofuata. Hakuwahi kukaa karibu na kaka.

Kwenye ofisi ya elimu walituchoka. Afisa mmoja alimwambia: "Wazima wenyewe hawatoshi kwenye madawati, wewe unaniletea vilema?" Kaka akajibu: "Andika jina kwanza, mzee. Dawati nitachonga mimi." Akachonga kumi na moja, mafupi, ya kukalia mtu asiyesimama.

Mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, watoto waliofichwa walionekana kwa mara ya kwanza, wamepandishwa juu ya mikokoteni pamoja na masufuria. Kaka alisimama siku sita kwenye barabara ya Butiama, akisimamisha kila mkokoteni na kuuliza majina. Alirudi na majina thelathini na saba. Ishirini na tisa waliingia shule.

Presha ilimwanza mwaka 1976. Desemba iliyopita alipooza upande wa kulia, akawa anaandika barua za umoja kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alifariki hospitalini Musoma asubuhi ya tarehe 19 Februari 1978, akiwa na miaka arobaini na sita. Nilikuwepo. Sikuona hofu usoni mwake, ila sikuona utulivu pia.

Ameacha mjane, Esta, watoto wanne, wajukuu wawili, na mimi. Mama Mbuke yupo hapa; jana alitusaidia kuosha vyombo vya msiba.

Watoto wanne wa mtaa wa Nyakato bado hawajaandikishwa shule. Kikao ni Alhamisi, nyumbani kwa mwenzetu Penina, mtaa wa Mukendo. Tafadhali mje.

Kaka, Mungu akupe amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.