Kizazi Kilicho Chini ya Kitambaa

Mgeni rasmi, Mhandisi Adventina Kahangwa, uliyesoma shuleni hapa. Mkuu wetu wa Shule, Mwalimu Mwesiga. Walimu na wazazi: karibuni Buganguzi. Kahawa ya kutafuna mmeshapokea, basi tusikilizane.

HISTORIA

Klabu yetu ya Kompyuta ilianza na mashine mbili za mezani zilizochoka, moja ya prosesa ya kizazi cha pili, nyingine ya kizazi cha sita. Mwaka jana wewe, mgeni rasmi, ulituletea ya tatu, ya kizazi cha kumi na mbili. Siku ile tulicheza ngoma mpaka viatu vikaachia.

MAFANIKIO

Tumelinganisha kasi ya vizazi. Kila mashine ilipangiwa kazi ileile: kutengeneza video ya kwaya ya mahafali. Kizazi cha pili kilipoanza, tulimenya ndizi, tukapika, tukala, tukaosha vyombo, nacho bado kiko ubeti wa mwisho. Kizazi cha sita kilimaliza ndizi zikiwa jikoni. Cha kumi na mbili zamu yake haikufika, sababu inakuja.

Mwenzetu Lameki hakukubali mzee wetu, kizazi cha pili, adharauliwe. Aliipandisha kasi prosesa yake kutoka gigahezi tatu nukta tatu hadi nne nukta mbili, kupita ilivyopangwa kiwandani. Safari hii tulipomaliza kula, video ilikuwa tayari. Tulimbeba Lameki mabegani.

CHANGAMOTO

Prosesa iliyosukumwa hivyo hupata joto. Tulifungua mfuniko na madirisha ipate hewa, tukasahau kwamba ni Novemba, msimu wa senene, panzi wetu watamu. Senene wakafuata taa, wakaingia hadi kwenye feni. Feni ikakwama, mashine ikajizima yenyewe kujiokoa. Yenyewe ilipona, senene hawakupona. Mwalimu Mwesiga alifuata harufu, akasimama mlangoni: "Waitu, jamani, mnakaanga senene bila kuniita?" Alipoona kikaangio chenyewe, alifunga chumba.

Tangu hapo kompyuta mpya inakaa ofisini kwake, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua. Hufutwa vumbi kila asubuhi. Haijawahi kuwashwa. Hatumlaumu, anaitunza kwa heshima yako. Ila sisi kidato cha nne tunamaliza mwaka huu, na inatuuma kuondoka bila kuijua.

OMBI

Hatuombi basi wala ukumbi. Ratiba inasema baada ya risala utavuta pazia kuzindua kibao cha ofisi ya Mwalimu iliyokarabatiwa. Tunaomba, ukishavuta pazia, uingie ndani uvute na kile kitambaa. Anachozindua mgeni rasmi hakifunikwi tena, hata Mwalimu anajua hivyo.

Lameki yuko mlangoni na waya wa umeme. Madirisha tumefunga. Ndizi zimeshamenywa, ziko sufuriani, na moto hatujawasha. Tunakusubiri tuanze pamoja.

Mungu akufikishe salama Bukoba, na mkono wako uliotoa usipungukiwe.

Ni sisi, Klabu ya Kompyuta.
Imesomwa na Shamsia Burhani, katibu.