Robo Moja ya Nati

Basi la Sericho lilipoipita Kiwanjani, Galgalo, mchuuzi wa ngamia, alikuwa bado anashangilia tairi lililobadilishwa stendi.

"Umeiona ile mashine ya betri, dada? Trrrr! Nati zote dakika moja!"

Jirani yake wa kiti, Gacheri, alikuwa fundi wa magari. "Naipenda kukushinda, mzee! Lakini nati unaianza kwa vidole, halafu unarukia ile ya upande wa pili. Mashine inazisogeza tu. Kumaliza ni spana ya kupima nguvu ya kukaza, kwa mkono."

"Sasa mashine ni ya nini? Ya kuimba?"

"Ya kuharakisha! Na gari likitembea kidogo, unasimama unakaza tena. Umeona nani akisimama hapa?"

Nyuma yao mzee Mutea aliacha kuwalaani wakubwa wa hospitali moyoni. Mkewe Kathambi alifia kwenye gari la wagonjwa lililochomoka tairi, na wakubwa wakasema ni barabara mbaya. Miaka minne aliwatukana bila kujua awaulize nini. Kumbe swali ni hilo: nani alisimama akakaza tena?

Akagonga bodi kwa ngumi zote mbili. "Dereva! Simamisha!"

"Wee mzee, soko litatupita!" Galgalo akafoka.

Basi likasimama. Gacheri akashuka na spana yake, Mutea akimfuata nyuma. Nati ya kwanza ikazunguka robo nzima ndipo ikakaza.

"Robo tu!" Galgalo akacheka dirishani.

"Robo!" Mutea akapaza sauti. "Dada, kaza na hiyo nyingine!"