Mashine Iliyonipiga Shoti Siku za Msaragambo

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana leo nimekuja kwa miguu yangu.

Mimi ni mama Eliamini wa hapa hapa Vudee. Moyo wangu ulikuwa unaenda mbio ghafla hadi nazimia. Katika hospitali kubwa wakanipandikizia mashine ndogo chini ya ngozi, hapa karibu na bega. Moyo ukivurugika, inaupiga shoti urudi sawa. Daktari akanisisitiza nipumzike, kisha akauliza kazi yangu. Ndugu zangu, nikaona aibu kumwambia nabeba tangawizi na udongo! Nikajibu, "Nakaa tu nyumbani, mwanangu." Basi wakaitegesha kwa mapigo ya mtu wa kukaa tu.

Nilipopata nafuu nikatoka Jumamosi kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji. Nikapanda mteremko na debe la udongo kichwani. Paa! Nikarushwa chini. Sikuzimia, ila dunia ilikwenda mbali. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlima Shengena, mweupe, mzito, nami nikajiona naelea juu ya tambarare ya Same, ng'ombe huko chini wadogo kama punje za maharage. Nikasikia jina langu likiitwa kutoka mbali sana. Kumbe ni wifi yangu Naetwa, amenishika mkono!

Nikapigwa hivyo mara tatu. Nikaogopa hata kuimba. Nikawa mtu wa dirishani, natazama ukungu ukija na kuondoka, sijui kama niko macho au naota. Nikasema Mungu amenikasirikia. Nikashuka hospitali kuwaambia waitoe hiyo mashine, kama ni kufa nife.

Binti anayepima mashine akanipokea. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitoleeni hiki kitu."

Akaisoma kwenye kompyuta yake. Kisha akauliza taratibu, "Mama, Jumamosi asubuhi huwa unafanya nini?"

Haleluya! Shoti zote tatu zimeandikwa humo, siku na saa. Nikalia, nikamwambia yote: mteremko, debe, tangawizi. Wala hakunigombeza. Akanieleza kwamba moyo wangu ulikuwa unakimbia kwa sababu ya kazi tu, lakini mashine ilitegeshwa kwa kiwango cha chini mno, ikadhani ni hatari. Yeye na daktari wakapandisha kiwango cha mapigo, wakaiagiza isubiri kidogo na kupima kwanza kabla ya kupiga.

"Na ikisubiri nikafa?" nikauliza.

"Ikiwa hatari ni ya kweli itapiga, mama. Nguvu ya shoti sijaipunguza hata kidogo."

Akanipandisha ngazi za hospitali huku amenishika kiwiko. Nikahema, nikafumba macho, nikangoja ule mshtuko wa shoti. Haukuja.

Ndugu zangu, Mungu hakuwa amenikasirikia. Mimi ndiye niliyejificha! Wewe uliyekaa hapo na jambo lako moyoni, unampa daktari jibu zuri na Bwana sala nzuri, toka huko. Mwambie kweli. Hatakugombeza.

Asubuhi hii nimepanda kutoka bondeni hadi mlango wa kanisa, na Naetwa nyuma yangu anakagua hatua zangu kama polisi. Moyo ulidunda, ukungu ukanifunika, nikaimba ubeti mzima nikiwa napanda. Mashine ikakaa kimya. Sasa inanijua.