Lori la Moshi na Tumbo la Severa

Kijiwe chetu ni benchi moja la mninga mbele ya cherehani yangu, nyuma kidogo ya soko la Kariakoo, na mguu wake mmoja tumeutegea tofali. Muuza kahawa wetu ni Bushiri, tunamwita Redio, maana habari ikitoka bandarini humfikia kabla ya bandari yenyewe. Wa pili ni Rajabu Winchi, kuli wa melini, mtu wa methali nyingi na akiba ndogo ya maana zake. Asubuhi ile ya mwaka hamsini na sita akaja wa tatu, Anselmi, Mchaga wa duka la maharage na kahawa hapo jirani, tunayemtania Mangi, yaani chifu wa kwao. Alikaa bila salamu. Mkewe Severa, bibi harusi wa miezi minane, alikuwa ndani amejikunja kwa tumbo, na lori la Moshi lilikuwa limeshashusha mzigo wa duka lake. Saa tisa lingegeuza, na Anselmi alikwisha mwambia dereva kwamba Severa atapanda.

— Unamrudisha kwao? nikauliza.

— Nifanyeje, fundi? Kila mwezi hivi hivi. Jana usiku ametapika, akauma mto nisimsikie. Akinifia hapa, nitamwambia nini baba yake?

Nilimhurumia, wallahi.

— Huo ni upepo wa pwani, akasema Redio akigonganisha vikombe. Mtu wa mlimani tumbo lake limezoea baridi. Likipata joto letu, linavimba kama andazi.

— Upepo gani unaokuja mara moja kwa mwezi? akadakia Winchi. Mangi, sema kweli. Tumbo humshika siku gani?

Anselmi akafikiri.

— Lori likishusha. Siku ile ile, au ya pili yake.

Winchi akapiga paja.

— Si unaona? Mzigo umetupiwa kitu! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzigo ndio mgeni, umekuja, na mwenyeji anaumwa!

— Hiyo methali haiendi huko, nikasema.

— Inaenda inakotaka, fundi.

— Nami nimesikia, Redio akashusha sauti, kuna mfanyabiashara wa Buguruni anamwonea kijicho. Huzika hirizi barabarani, tairi likiikanyaga, uchawi unapanda kwenye magunia.

— Basi ayachome magunia hayo! akadakia Winchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mpya si ndio mzuri zaidi?

Anselmi alikuwa anawasikiliza kwa macho mekundu, anaamini kila neno. Mtu aliyekesha huamini lolote.

— Hebu, nikauliza, kahawa hii tunayokunywa imetoka gunia lipi?

Redio akatazama dele lake la kahawa. Gunia la Mangi. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nawacheka, nikaweka kikombe chini, tumbo limeanza kunikata. Redio akabeba dele akalimwaga lote mtaroni.

— Mnaosha mtaro kwa kahawa siku hizi?

Alikuwa Bi Kuruthumu, na sinia lake la vitumbua kichwani. Wasichana wengi wa mtaa huu yeye ndiye somo wao, aliyewafunda walipovunja ungo. Zamani alifagia wodi ya wazazi.

— Shikamoo, bibi, akasema Anselmi.

— Marahaba, baba. Nani mgonjwa?

Tukamweleza wote kwa pamoja, lori, hirizi, tairi. Akatua sinia.

— Mwezi ule lori lilipoharibika Korogwe, lisije kabisa, mkeo hakuumwa?

Anselmi akahesabu kwa vidole.

— Aliumwa.

— Na lori huja kila baada ya wiki ngapi?

— Nne.

— Basi hesabu yako ni nzuri, umeihesabia gari tu. Ni hedhi hiyo.

Winchi akaanza kukagua tofali la benchi. Nina mabinti watatu, na neno lile sikuwahi kulisikia barazani.

— Msiinamishe vichwa, akasema Bi Kuruthumu. Tumbo la uzazi hujibana likitoa damu, ndipo linapouma. Wengine kidogo, wengine hadi kutapika. Kwao Severa ana mama na shangazi wa kumwambia hayo, hapa ana magunia. Tia maji ya moto kwenye chupa, yasiwe ya kuchemka, itakupasukia. Funga kanga, aweke chini ya kitovu. Mpe chai ya tangawizi, umsugue kiuno. Likilegea atembee tembee. Damu ikizidi kiasi, au maumivu yakibaki siku zake zikiisha, mpeleke hospitali, usimpeleke Moshi. Sasa hivi yuko na nani?

Wanaume wanne, asubuhi nzima tunamjadili Severa, na Severa yuko peke yake.

Anselmi aliondoka mbio. Redio alimfuata na birika la maji aliyokuwa ameyabandika kwa kahawa nyingine, Bi Kuruthumu nyuma yao.

Saa tisa dereva wa lori, Eliakimu, akaja kijiweni.

— Abiria wangu yuko wapi?

Anselmi alitoka dukani, kanga ya mkewe begani, mikono inanuka tangawizi.

— Amelala. Nenda tu.

Lori likaondoka. Akakaa katikati yetu.

— Kumbe alishafunga bunda lake tangu jana, akasema. Hakulia kwa tumbo peke yake. Alidhani namrudisha kwa sababu kila mwezi anaona damu na hajashika mimba.

Akajifuta uso kwa ile kanga, hakujificha. Winchi akatafuta methali, akaikosa, akamshika bega.

Redio alikuwa ametwanga kahawa mpya, birika limeanza kuimba juu ya jiko, nasi tulikuwa na kiu tangu saa nne. Anselmi akanyoosha ile chupa ya mkewe.

— Imepoa, akasema.

Redio akamjazia. Birika lote likaisha, na siku ile hatukunywa kahawa tena.