Mgeni Aliyeipima Malibagh kwa Miguu

Saa tatu na nusu asubuhi, mgeni alitokea upande wa pili wa barabara ya Malibagh, akasimama ukingoni. Mofazzal alikuwa wa kwanza kumwona, kwa kuwa muuza chai wa Dhaka huitazama barabara kama mkulima atazamavyo mawingu. Mali yake yote ilikuwa kibanda cha mabati manne, jiko moja, birika mbili, ndoo ya glasi, makopo ya maziwa mazito, mkungu wa ndizi unaoning'inia, na benchi. Juu ya benchi walikuwapo watatu wa kila siku. Tozammel aliitwa Wakili, kwa kuwa kwa miaka ishirini amewapigia watu taipu nje ya mahakama. Ruhul aliitwa Daktari, kwa kuwa huuza vidonge vyeupe vitamu vinavyotibu kila maradhi kwa kipimo kimoja. Kuddus aliitwa Pancha. Kazi yake ni kuziba mipira ya riksha anapopata nafasi, na nafasi humpata kwa nadra. Mgeni alikuwa mrefu, shingo imeiva kwa jua, mkoba ameupakata kifuani. Alitoa daftari, akaandika. Akapiga picha. Kisha akapiga hatua moja kuingia barabarani, akarudi hatua moja.

— Mjomba, — Wakili alimwambia Mofazzal, — umemwona yule?

— Nimemwona.

— Umeona anavyoenda mbele na kurudi nyuma? Yule anapima.

Mkono wa Mofazzal ulisita juu ya birika. Mwaka juzi, alipokuwa na kibanda chake kule kwenye soko la mbao, alikuja mtu wa daftari asubuhi; adhuhuri ikaja mashine, na kabla ya alasiri kibanda kilikuwa vipande vya mabati. Hiki cha Malibagh kilikuwa cha tatu. Mkewe alimwambia wazi kwamba cha nne hakipo: kikibomolewa hiki, wanarudi kijijini kwa kaka yake, na Mofazzal alimfahamu vizuri kaka huyo.

— Anapima nini? — akauliza.

— Barabara inapanuliwa, — Wakili akasema. — Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa wewe ukuta huna, ufa utautoa wapi? Kisheria umekwisha.

Mofazzal akaanza na glasi. Alizikausha moja moja, akazipanga ndani ya ndoo.

— Wacha kumtisha mwenzio, — Daktari akaingilia. — Barabara gani ipanuliwe, ipanukie wapi? Yule ni mtu wa treni za juu. Wanatafuta pa kusimamishia nguzo.

— Nguzo ataiweka wapi?

— Anatazama wapi? Hapo hapo penye jiko lako. Mvumilivu hula mbivu, bwana. Saa nzima kavumilia juani. Unadhani mbivu ni nani?

Mgeni, kana kwamba amesikia, alipiga hatua mbili. Basi likampitia puani likipiga honi. Akaruka nyuma, akashika moyo, akaandika kitu kwenye daftari.

— Mbili hizo! — Daktari akapiga paja. — Nguzo imenenepa!

Mofazzal akashusha mkungu wa ndizi.

Hapo Pancha, ambaye alikuwa hajasema neno, aliinuka na glasi yake ya chai mkononi. Aliinyanyua mikono kidogo, kiganja cha kulia mbele, akaingia katikati ya mabasi bila hata kuyatazama, na mabasi yakamkwepa kama maji yakwepavyo jiwe. Akafika ng'ambo. Akasimama nyuma ya mgeni, akanyoosha shingo, akasoma daftari, akapiga funda la chai. Kisha akarudi vile vile, kiganja mbele. Mgeni alimfuata kwa macho njia nzima, mdomo wazi.

— Haya, sema! — Wakili akamwambia.

— Kachora, — Pancha akasema, akikaa. — Kachora barabara. Kachora mabasi. Kachora kibanda cha mjomba, na birika zote mbili.

— Birika pia?

— Na mshale. Mshale unatoka pale aliposimama yeye, unakata barabara, unakuja hadi hapa. Ncha iko kwenye jiko.

Wote wakageuka kulitazama jiko.

— Ukamwuliza anataka nini? — Mofazzal akauliza.

— Mjomba, mamba haulizwi kama ana njaa.

— Mshale, — Wakili akasema polepole, — ni njia ya mashine.

— Mshale ni reli, — Daktari akasema.

— Nyinyi mna akili za kitoto, — Pancha akasema. — Ni ndege. Malibagh imeuzwa yote, inakuwa uwanja wa ndege. Ule mshale ndio njia ya kutua. Ikishuka tu, gurudumu la kwanza kwenye birika.

— Ndege itue hapa, na nyaya zote hizi za umeme? — Daktari akauliza.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kaja na jembe lake siku ya kwanza. Mtu wa hivyo atashindwa na nyaya?

Mofazzal hakungoja ubishi uishe. Saa nne na dakika arobaini alizima jiko. Alimimina chai yote iliyobaki mferejini, na watatu wa benchini wakaisindikiza kwa macho kama maiti. Akaita guta la mizigo lililokuwa likipita. Akapakia, kwa mpangilio huu: jiko, ndoo ya glasi, makopo, ndizi, na juu kabisa birika mbili, akizifunga kwa kamba. Mabati manne ya kibanda akayalaza ubavuni. Akamwelekeza mwenye guta apeleke kila kitu kwa shemeji yake mwingine, mtaa wa jirani wa Khilgaon.

— Na benchi? — mwenye guta akauliza.

— Inukeni, jamani.

— Haraka haraka haina baraka, — Wakili akasema bila kutikisika. — Kwa hiyo wewe tangulia, mjomba. Sisi tutabaki kama ushahidi.

Guta likaondoka. Likaenda hatua ishirini, likanasa kwenye foleni.

Mofazzal alikuwa angali amesimama mahali palipokuwa na jiko lake, mikono mitupu, alipomwona bibi mmoja mwenye bata wawili kwapani akimkaribia mgeni ng'ambo. Bibi alisema neno. Mgeni akaonyesha barabara, akatikisa kichwa. Bibi akawahamishia bata wote kwapa moja, akamkamata mgeni kifundo cha mkono, akainua kiganja chenye nafasi, akamkokota katikati ya mabasi. Mgeni alivuka macho yamefumbwa.

— Shikeni huyu, — bibi akasema alipofika, akihema. — Tangu saa tatu na nusu yuko pale anaogopa magari, maskini ya Mungu. Kila akitia mguu, anautoa. Nyinyi mmemkodolea tu! Hayo ni macho au vifungo vya shati?

Wakili alikohoa. Daktari akatafuta kitu mfukoni mwake. Pancha akasogea, mgeni akapata pa kukaa.

Mgeni alifuta jasho kwa ukosi wa shati. Akamtazama kila mmoja kwa furaha ya mtu aliyefufuka, akafungua daftari kwenye ule mchoro wenye mshale, na chini yake kulikuwa na maneno matatu ya Kibengali ambayo bila shaka aliyafanyia mazoezi tangu hotelini. Akayasoma kwa makini, akimtazama Mofazzal:

— Mjomba, chai ipo?

Wakili akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Pancha. Pancha akaitazama glasi aliyokuwa bado ameishika, akaona ni tupu.

— Jibu basi, — Mofazzal akamwambia Wakili. — Si wewe ndiye msomi?

Mofazzal akageuka. Guta lilikuwa palepale, hatua ishirini, birika zake mbili zikimeta juu ya mzigo.

— Ewe wa guta! Ngoja! — akapiga kelele, akainua kiganja, akajitosa barabarani.

Na foleni ya Malibagh, ambayo haikuwa imesogea tangu guta linase, ikafunguka, guta likaenda zake na birika zote mbili.