Marlys Fossum na Kipande cha Njia Nyuma ya Nyumba ya Orval

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika leo katika kanisa letu la Vesterlund, naitwa Lyle Fossum, mdogo wake Harlan, na familia imenipa mimi shemeji wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha yake, kwa sababu Harlan, mume wake, amesema hawezi kufika ukurasa wa pili, na watoto wake wamesema hivyo hivyo, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba niachwe nimtanie kidogo kama nilivyozoea, maana naye hakuwahi kuniacha salama.

Marehemu Marlys Ragna Fossum alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika shamba la wazazi wake, marehemu Knut na Borghild Fjeld, maili sita kaskazini mwa mji huu, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne, siku ambayo theluji ilikuwa nyingi kiasi kwamba daktari alifikishwa na trekta la jirani, akakuta kazi imeshakwisha, akanywa kahawa, akarudi zake. Alibatizwa katika kanisa hili mwezi Aprili mwaka huo huo, barabara zilipopitika.

Alisoma shule ya msingi ya darasa moja iliyokuwa karibu na shamba lao, kisha sekondari hapa mjini kuanzia mwaka 1965 hadi 1969, ambako katika darasa lake alikuwemo kijana mmoja mrefu na mkimya aitwaye Orval Nygaard, na nawaomba mlishike jina hilo, halafu akaenda chuo kikuu cha jimbo mjini St. Paul, akahitimu shahada ya jiografia mwezi Juni 1973. Baba yake alimwuliza jiografia inalimwa wapi, naye akajibu kwamba atamwonyesha.

Aliajiriwa na idara ya bustani na michezo ya mji wetu tarehe 3 Juni 1974, akiwa mpiga chapa, kwa kuwa siku hizo hakuna aliyefikiri mwanamke anaweza kuamua bembea ikae wapi, lakini mwaka 1983 alipewa kazi ya kupanga bustani, na mwaka 1991 akawa mkuu wa idara, nafasi aliyoishika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Alifunga ndoa na kaka yangu Harlan tarehe 18 Oktoba 1975, mahindi yakiwa bado shambani, jambo ambalo mama yetu alilitaja kila mwaka mpaka alipofariki, na Mungu akawajalia watoto wawili, Signe aliyezaliwa mwaka 1977 na Dale aliyezaliwa mwaka 1980, na wajukuu watatu ambao wamekaa pale mbele na wametulia kuliko nilivyotarajia.

Katika kazi yake marehemu alikuwa na utaratibu wake, nao ulikuwa wa jikoni. Kabla ya mji kuchora njia ya baiskeli, au kuweka taa uwanjani, au kukata mti, alikwenda nyumba moja baada ya nyingine kwa wale wote ambao jambo hilo lingewagusa, akaketi jikoni, akanywa kahawa, na hakutaja kilichompeleka mpaka kikombe cha tatu, kwa sababu alijua watu wetu kwenye kikombe cha kwanza huzungumzia hali ya hewa, kwenye cha pili huulizia wazazi, na yaliyo moyoni hutoka baadaye, yakitoka. Mwaka 2013 wazee wetu walipotaka viwanja vya ule mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu, na majirani wa bustani wakasema mlio wake utawatia wazimu, Marlys alibeba kiti chake cha kukunja, akakaa asubuhi nzima nyuma ya nyumba ya kila mlalamikaji huku wazee wakicheza bustanini kwa majaribio, akarudi ofisini na kichwa kinamuuma, akakiri kwamba majirani wana haki, kisha akavihamishia viwanja hivyo nyuma ya kituo cha zimamoto, mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kulalamikia kelele. Pande zote mbili zilimnunia kiangazi kizima, na leo naziona zote mbili humu ndani.

Kazi yake kubwa, kama mjuavyo, ilikuwa njia ya miguu na baiskeli inayofuata tuta la reli ya zamani, kutoka hapa nyuma ya kanisa, kupita shule ya msingi, hadi kilimani kwenye makaburi, ambayo alianza kuipanga reli zilipong'olewa mwaka 1994. Alinywa kahawa katika kila jiko lililopakana na tuta lile isipokuwa jiko moja, la Orval Nygaard, ambaye familia yake ilikuwa imenunua kipande cha tuta kilichopita nyuma ya nyumba yao, na Marlys hakwenda huko kwa sababu Orval alikuwa mwanafunzi mwenzake, akajiambia kwamba anamjua, na kwamba mtu kama yule hatakuwa na neno.

Basi neno lilikuwepo. Kwenye mkutano wa hadhara wa tarehe 12 Novemba 2002, katika ukumbi wa mji, Orval, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, alisimama na kofia mkononi, akasema hataki wezi, hataki mbwa wa watu, hataki vijana wa kunywea bia nyuma ya nyumba yake, na kwamba njia ile itapita pale yeye akiwa kaburini, kisha akatoka nje bila kunywa kahawa, na hapo ndipo watu walipojua kwamba mambo ni mazito.

Kesho yake Marlys alikwenda kwake. Kwenye kikombe cha tatu Orval alisimama akamfungulia mlango wa chumba cha nyuma, na mle ndani, kitandani kando ya dirisha kubwa, alikuwa amelala mke wake Ardis, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa hili, ambaye ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulikuwa umemnyang'anya mikono na miguu, na alikuwa akioshwa na kulishwa pale pale kitandani, na dirisha lile lililotazama tuta na mashamba ndilo pekee lililombakia. Ardis hakutaka kuonekana katika hali ile. Njia ikipita, pazia lingefungwa, na pazia likifungwa, dunia yake ingekwisha. Marlys alikaa naye alasiri yote, na alipoaga, akiwa mlangoni, alimwambia Orval maneno ambayo Orval mwenyewe ameyasimulia kwa familia wiki hii:

"Sitakuuliza tena, Orval. Siku utakayotaka kusema, utasema mwenyewe."

Njia ilikamilika mwaka 2004 ikiwa na pengo. Kwa miaka ishirini, ukifika kwenye uzio wa Nygaard unashuka, unakwenda kandokando ya barabara kuu pamoja na malori ya mahindi, halafu unapanda tena, na kila mmoja wetu amewahi kulaani pale, mimi zaidi ya wote. Mwezi Septemba 2009 mtoto wa shule aliyekuwa kwenye baiskeli aligongwa na kioo cha pembeni cha gari katika sehemu ile, akavunjika mkono na mguu, na mji ukawaka moto, watu wakauliza kwa nini baraza lisikichukue kipande kile kwa sheria na kumlipa mwenyewe fidia, wengine wakasema Marlys anambeba rafiki yake wa shule, na baraza likampa barua ya kumtaka aanzishe taratibu za kukitwaa.

Alikataa. Alisimama mbele ya baraza akasema ana sababu na hawezi kuitaja, na kama wanataka mkuu wa idara mwingine wamtafute, na walipiga kura, akaokoka kwa kura moja. Alihangaika mpaka akapata uzio wa chuma wa kutenganisha waendao kwa miguu na malori, akamtembelea mtoto yule hospitalini kila Jumamosi mpaka akaruhusiwa, lakini nyumbani alikuwa halali vizuri, na Harlan alipomwuliza siri hiyo ni nini hasa, alimjibu kwamba si yake. Kaka yangu, mume wake wa ndoa, hakuambiwa kitu mpaka Ardis alipofariki tarehe 20 Januari 2015, na siku ya mazishi yale ndipo sisi wengine tulipolitazama lile dirisha, tukaelewa, tukaona aibu.

Sasa ndugu zangu, mngedhani mambo yangeishia hapo. Ungekuwa mji mwingine, yangeishia hapo. Mwaka ule ule Orval alianza kukata nyasi za kipande kile, nyasi ambazo hazikuwa na kazi yoyote, akazikata vizuri kama uwanja wa kanisa, na Marlys alipita akaziona, akasema Orval anapenda usafi. Mwaka uliofuata Orval akatoboa lango kwenye uzio, akaliacha wazi, na Marlys alipolikuta wazi alilifunga kwa uangalifu, kama afanyavyo mtu mwenye adabu. Mkuu mpya wa idara alipotaka kumwandikia Orval barua, Marlys, akiwa amestaafu, alimpigia simu akamwomba asiandike, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi ya kutouliza. Naye Orval, upande wake, alijua ahadi ile, lakini aliona kumwendea mtu na kumwambia chukua ardhi yangu ni kujigamba. Wakasalimiana kila Jumapili kwenye hiki kibaraza cha kanisa, wakazungumza mvua. Mimi nilimwambia shemeji yangu wazi kwamba katika mji mzima hakuna watu wawili wenye heshima kama wao, na hakuna wanaotuchosha kama wao, akacheka, akaniambia nikanywe kahawa.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kusikia maumivu ya tumbo na mgongo, na baada ya vipimo ikabainika kuwa ana saratani ya kongosho. Alitibiwa kwa miezi mitatu, kisha akaomba arudi nyumbani, kitanda chake kikawekwa sebuleni, na wauguzi wakawa wanamfuata pale pale. Tarehe 3 Februari Orval alifika na bakuli la viazi na nyama ya kuoka, akakaa, akanywa vikombe viwili, kisha akasema ule uzio wake umezeeka, huenda akautoa, na Marlys akamjibu kwamba asijisumbue, uzio bado ni mzima. Tarehe 16 Aprili alirudi, nami nilikuwepo, na safari hii alisema waziwazi kuliko mtu yeyote wa ukoo wa Nygaard alivyowahi kusema:

"Ningeweza kuutoa, Marlys. Watu wapite."

"Usiharakishe kwa ajili yangu," akasema Marlys.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini hapa kwetu sote tunajua mambo yalivyo, ukiletewa keki unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, na mara ya tatu ndipo unaposema basi, kipande kidogo tu, na anayekubali mapema huyo kakosa malezi. Kwa hiyo shemeji yangu hakuwa amekataa. Alikuwa kwenye ya pili. Orval alipoondoka alinigeukia, macho yakicheka, akaniambia kwamba akija tena atakubali, naye Orval alikuwa amepanga kuja Jumanne. Marlys alifariki dunia Jumatatu, tarehe 22 Aprili 2024, saa kumi na moja alfajiri, Harlan na watoto wote wawili wakiwa naye. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na shemeji ambaye sasa hana wa kubishana naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wale waliokuja nyumbani kwenye barafu bila kulalamika, inawashukuru wenzake wa idara, ambao wameleta leo lile gari lao dogo la kazi ili libebe jeneza, wakaliosha kwanza, inawashukuru majirani kwa chakula kilichozidi ukubwa wa friji yetu, na mabakuli matupu yako jikoni mwa kanisa, kila moja na jina la mwenyewe limebandikwa chini, nawaomba myachukue.

Mwisho tunamshukuru Bwana Orval Nygaard, ambaye juzi Alhamisi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, aling'oa uzio wake wote kwa mikono yake, nguzo moja moja, hakuomba msaada, na hakumwambia mtu. Familia imekaa ikaliangalia jambo hilo, ikaona kwamba hiyo ndiyo mara ya tatu. Kwa hiyo, kwa niaba ya marehemu ambaye hakupata nafasi ya kujibu, tunasema ndiyo, Orval, asante, tumekubali. Hatutapita barabara kuu. Tukitoka hapa tutaifuata njia kwa miguu, nyuma ya jeneza, moja kwa moja hadi makaburini, na wenye miguu mibovu watapanda magari, na tutakapopita nyuma ya nyumba ya Nygaard tutapita polepole, kwa sababu Orval amefungua pazia la dirisha la Ardis.

Nenda ukapumzike, shemeji.